Sukari Haitoki kwenye Mabua: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Mashamba ya Kongwa, Chamwino, Bahi na Manyoni yanapokwisha kuvunwa, malighafi ya kazi hii huwa imelala kila mahali: mabua ya mtama na uwele, magunzi ya mahindi, maganda ya karanga, vichwa vya alizeti vilivyokwisha kupurwa na, kwa walio karibu na mashamba ya zabibu, machicha yanayobaki baada ya kukamua. Ndani ya mabaki hayo mna selulosi na hemiselulosi, ambazo ni minyororo mirefu ya sukari. Minyororo hiyo ikikatwa tunapata sukari ya kuchachusha iwe ethanoli, au ya kulishia fangasi wanaotengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazokata minyororo hiyo. Kwa maneno, kazi ni nyepesi. Kwa vitendo, mtu hufuata maelekezo hatua kwa hatua, husubiri siku tatu, kisha hupima na kukuta robo tu ya alichotarajia.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili anayoiona mtu huyo na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Nauandika kwa ajili ya wanafunzi, mafundi wa maabara na wajasiriamali wadogo wanaofanya kazi hii katika ukanda wa kati wa Tanzania, kwa sababu maelekezo mengi tunayoyatumia yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, wenye maji laini na umeme usiokatika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kimeng'enya hulaumiwa kwa makosa ambayo mara nyingi si yake. Kabla ya kuagiza chupa nyingine kwa fedha nyingi na kuisubiri kwa wiki kadhaa, kagua kwanza kipimo chako, malighafi yako, maji yako na chombo chako cha kupikia.

Dalili ya kwanza: namba za sukari hazieleweki

Naanza na kipimo kwa sababu kipimo kibovu huzaa matatizo ambayo hayapo. Kinachotumika zaidi ni kile cha asidi ya dinitrosalisiliki, alichokieleza mtafiti Miller mwaka 1959. Kitendanishi cha rangi ya njano huchemshwa pamoja na sampuli kwa dakika 5, nacho hugeuka kuwa rangi ya chungwa na hatimaye hudhurungi iliyoiva kadiri sukari inavyokuwa nyingi, kisha rangi husomwa kwenye spektrofotomita kwa nanomita 540. Ni kipimo cha gharama ndogo na kinaaminika, ila kina masharti yake.

Ikiwa sampuli yako imetoka kwenye asidi na hukuipunguzia ukali, asidi hiyo hula alkali iliyomo kwenye kitendanishi, rangi haitokei inavyopaswa, nawe unaandika kwamba sukari haipo ilhali ipo. Rekebisha sampuli ifike karibu na pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi, na 7 ni katikati) kabla ya kupima, na ukumbuke kuingiza kwenye hesabu ujazo ulioongezeka. Kinyume chake, kimiminika kilichotoka kwenye mabua yaliyopikwa sana huwa na rangi ya kahawia hata kabla ya kipimo, na rangi hiyo huhesabiwa kama sukari isipokuwa umeandaa bomba la pembeni lenye sampuli ileile bila kitendanishi na kuondoa usomaji wake. Vimeng'enya vya kununua navyo huweza kuja na sukari ya kuvihifadhi, kwa hiyo bomba la kimeng'enya peke yake bila mabua ni lazima liwepo katika kila jaribio. Sukari za kulinganishia ziyeyushwe kwenye bafa ileile ya sitreti (kimiminika kinachozuia pH isiyumbe) inayotumika kwenye sampuli. Zichemshwe kwenye chungu kilekile na kwa wakati uleule, kwa maana maji ya Dodoma huchemka takribani nyuzi joto 96 na mstari wa ulinganisho uliotengenezwa Dar es Salaam hautufai huku.

Liko pia suala la unyevu. Gramu 10 za magunzi zilizopimwa mwezi Aprili zikiwa na unyevu wa asilimia 15 zina gramu 8.5 tu za kitu kikavu, ilhali gramu 10 za Septemba zenye unyevu wa asilimia 6 zina gramu 9.4. Tofauti hiyo ya zaidi ya sehemu moja kwa kumi imewafanya watu waamini kwamba magunzi ya kiangazi ni bora kuliko ya masika. Kausha sampuli ndogo kwa nyuzi joto 105 hadi uzito usibadilike tena, na hesabu zote uzifanye kwa uzito mkavu.

Mwisho wa hatua hii, jiulize kama namba uliyoipata inawezekana. Magunzi yenye selulosi ya asilimia 38 hayawezi kutoa zaidi ya gramu 42 za glukosi kwa kila gramu 100 kavu, kwa kuwa kila kiungo cha selulosi kinapokatika huchukua maji na uzito huongezeka kwa kizidisho cha 1.11. Ukipata 60, hujagundua jambo jipya, bali kuna kitu kingine kinachohesabiwa kama glukosi.

Dalili ya pili: mabua yamepikwa kwa asidi, sukari ni kidogo na kimiminika ni cheupe

Kwanza hakikisha unatafuta sukari sahihi. Asidi hafifu ya salfuriki ya asilimia 1, ikipikwa na mabua kwa nyuzi joto 121 kwa nusu saa hadi saa moja, hufungua hasa hemiselulosi, na sukari inayotoka kwa wingi ni zailosi. Selulosi hubaki imesimama, ikisubiri kimeng'enya. Anayepima glukosi peke yake katika hatua hii ataona karibu hakuna kitu, na hilo si kosa la mtu.

Kama hata zailosi ni kidogo, angalia joto halisi. Mji wa Dodoma uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayotuzunguka ina mgandamizo mdogo kuliko wa pwani. Mshale wa otoklevu, chombo cha kupikia kwa mvuke wenye presha, husoma presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, na kwa hiyo unaposimama kwenye paundi 15 kwa inchi mraba, joto la ndani hapa kwetu ni takribani nyuzi 119, si 121 kama kijitabu kinavyodai. Ikiwa chombo kimeidhinishwa kuhimili, panda hadi karibu paundi 17. Ikiwa hakijaidhinishwa, usikijaribu, ongeza muda badala yake. Kosa linalopunguza joto zaidi ya hilo ni kufunga mlango wa mvuke mapema, hewa ikiwa bado imenaswa ndani. Acha mvuke utoke kwa nguvu na mfululizo kwa dakika 10 kabla ya kufunga. Nimeona sufuria za presha za nyumbani zikifanya kazi hii vizuri sana mikononi mwa mtu mwenye subira ya dakika hizo 10.

Chanzo kingine ni asidi kuliwa kabla haijafika kwenye mabua. Maji ya visima vya sehemu nyingi za Dodoma ni magumu na yana chumvi. Maji yenye ugumu wa kabonati wa miligramu 500 kwa lita humeza karibu nusu gramu ya asidi ya salfuriki katika kila lita. Kwa asidi ya asilimia 1 hilo si jambo kubwa, ila kwa asidi ya asilimia nusu, sehemu moja kwa kumi ya nguvu yako imekwisha potea. Udongo unaong'ang'ania mabua nao hufanya vivyo hivyo ukiwa na chokaa, na mchanga wake huongeza uzito usiokuwa na sukari yoyote. Mazao yetu mengi hupurwa chini, juu ya ardhi. Waingereza walioanzisha mradi wa karanga wa Kongwa mwaka 1947 waliona vifaa vyao vya kulimia vikilika upesi kwa ukali wa mchanga wa udongo ule, na visu vya mashine yako ya kusaga vitasimulia habari hiyohiyo. Piga mabua kwa fimbo, yapepete, yasuuze kwa maji na kuyaanika kabla ya kusaga. Kisha pima pH ya mchanganyiko wenyewe baada ya kutia asidi, usitosheke na ile uliyoipima kwenye ndoo ya asidi kabla ya kutia mabua.

Dalili ya tatu: kimiminika ni cheusi na kina harufu kali

Hapa tatizo limegeuka. Harufu inayofanana na lozi iliyochanganyika na mkate ulioungua ni ya furfurali, ambayo ni zailosi iliyopikwa kupita kiasi. Glukosi nayo ikizidishiwa moto huzaa kemikali ya jamii hiyo, hemiselulosi huachia asidi ya siki, na lignini, gundi ngumu ya mmea, hutoa vipande vyenye sumu kwa viumbe vidogo. Sukari yako ilikuwepo, ila umeipitisha. Punguza kwanza muda, na kama hiyo haitoshi punguza asidi. Usiguse vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu hutajua ni kipi kilichosaidia.

Kimiminika ambacho kimekwisha kuharibika kiasi kinaweza kuokolewa kwa chokaa iliyozimwa. Tia kidogo kidogo huku ukikoroga hadi pH 10, kishikilie kwenye nyuzi joto 50 hadi 60 kwa nusu saa, chuja jasi nyeupe inayotuama, kisha rudisha pH hadi 5 au 5.5. Sehemu ndogo ya sukari itapotea katika njia hii, na asidi ya siki haitaondoka, kwa hiyo usiichukulie kuwa ruhusa ya kupika ovyo.

Dalili ya nne: kimeng'enya kimetiwa na selulosi haifunguki

Hii ndiyo dalili inayowakatisha watu tamaa, na ndiyo yenye vyanzo vingi kuliko zote.

Tazama malighafi kwanza. Maganda ya karanga yana lignini inayoweza kufika karibu theluthi moja ya uzito wake, na lignini hufunika selulosi kama plasta kwenye ukuta, tena hukishika kimeng'enya chenyewe kisifanye kazi. Asidi hafifu haiondoi plasta hiyo. Maganda ya aina hiyo, pamoja na yale ya mbegu za alizeti, yanahitaji alkali: sodiamu haidroksaidi ya asilimia 1 hadi 2 kwenye joto la otoklevu, au chokaa iliyozimwa ya gramu 0.1 kwa kila gramu ya malighafi kavu, ambayo ni ya bei nafuu lakini huhitaji siku nyingi kama haipashwi moto. Najua kwa nini watu wa hapa huyachagua maganda haya. Mabua ya mtama na uwele ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na hakuna mfugaji wa Kigogo atakayekubali kirahisi umpokonye malisho ya mifugo yake, wala hapaswi kuombwa afanye hivyo. Ushauri wangu ni magunzi ya mahindi. Lignini yake ni ndogo, hemiselulosi yake ni nyingi, na mara nyingi huishia jikoni kama kuni au kuachwa yaoze.

Baada ya alkali, osha hadi maji ya mwisho yasomeke karibu na pH 7. Vimeng'enya vya fangasi Trichoderma reesei hufanya kazi vizuri kwenye pH 4.8 hadi 5.0 na nyuzi joto 50, na alkali iliyojificha ndani ya nyuzinyuzi hutoka polepole ikaipandisha pH usiku kucha. Unapima saa mbili jioni inasoma 4.9, asubuhi inasoma 6. Maji magumu ya kisima nayo hudhoofisha bafa ya sitreti kwa njia hiyohiyo. Kwa hatua hii tumia maji yaliyokenekwa, au ya mvua yaliyokingwa vizuri, na upime pH tena baada ya saa moja na baada ya saa sita.

Sasa nieleze kosa nililolifanya mimi. Mwaka mmoja, katika maabara niliyokuwa nikifanyia kazi, nilipika magunzi mengi kwa siku moja ili niyatumie mwezi mzima, nikayaosha na kuyaanika juani juu ya turubai. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na kabla ya saa kumi jioni yalikuwa makavu yanayolia mkononi kama makombo ya mkate uliookwa mara mbili. Niliyahifadhi kwenye ndoo zenye mfuniko nikiamini nimefanya jambo la busara. Sehemu ambayo sikuianika ilitoa sukari nzuri. Iliyoanikwa ilitoa chini ya nusu yake, kwa kimeng'enya kilekile na siku ileile. Nilibadilisha bafa, nikabadilisha kimeng'enya, wiki mbili zikapita. Kupika hufungua vitundu vidogo ndani ya nyuzinyuzi, navyo ndivyo njia anayopitia kimeng'enya. Maji yakiondoka kabisa, kuta za vitundu hivyo hushikana, na ukizilowesha tena hazifunguki zote. Malighafi iliyokwisha kupikwa ihifadhiwe ikiwa na unyevu, imekamuliwa tu, ndani ya friji au jokofu la kugandisha. Kuanika ni kwa mabua mabichi kabla ya kupikwa.

Vikiondolewa vyanzo hivyo, tazama namna sukari inavyokwenda kwa saa. Ikipanda haraka siku ya kwanza kisha ikasimama, yaelekea selobiosi imejazana. Hii ni sukari ya glukosi mbili zilizoshikana, nayo hukizuia kimeng'enya kilichoizalisha. Trichoderma reesei ana upungufu wa kimeng'enya cha kuikata, na dawa yake ni kuongeza kimeng'enya kutoka kwa fangasi mwingine, Aspergillus niger. Ikipanda kisha ikaanza kushuka, kuna kiumbe kinachoila. Sodiamu azaidi ya asilimia 0.02 huzuia hilo kwenye majaribio ya kupima tu, lakini ni sumu kali kwa binadamu na pia huua hamira, kwa hiyo kamwe isiingie kwenye sukari utakayoichachusha. Ikipanda taratibu bila kusimama, kimeng'enya ni kidogo, au mchanganyiko ni mzito na haukorogeki.

Dalili ya tano: trei za kuzalishia kimeng'enya zinaoza au zinakauka

Anayejizalishia kimeng'enya hukuza Trichoderma reesei kwenye trei za pumba na magunzi. Fangasi huyu ana historia ya kuvutia. Aina ya kwanza ilitengwa kutoka kwenye vitambaa vya pamba vilivyokuwa vikiozea kwenye Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani liliposhangaa kuona mahema yake yakiliwa, na baadaye akapewa jina la mtafiti Elwyn Reese. Alizoea unyevu wa kisiwani. Hewa ya Dodoma mwezi Septemba siyo makazi yake, na trei ya pumba na magunzi iliyoanza na unyevu wa asilimia 65 huweza kukauka juu ndani ya siku mbili hata ikawa kama udongo wa njiani, huku chini ikiwa bado imelowa. Funika kwa kitambaa safi chenye unyevu, weka beseni la maji ndani ya kabati, na pima trei kwa mzani kila siku ili ujue maji yaliyopotea, kisha uyarudishe kwa kunyunyizia maji yaliyochemshwa.

Kina cha trei kisizidi sentimita 2 au 3. Fangasi anapokua hutoa joto, na ukiingiza kidole kilichovaa glovu katikati ya trei nene utalihisi. Yeye hupendelea nyuzi 28 hadi 30, na akifika karibu na 40 hudumaa. Kwa upande mwingine, usiku wa Julai hapa ni wa baridi ya kweli, na umeme ukikatika trei hupoa hadi ukuaji unasimama. Boksi la povu lenye chupa za maji ya moto limeokoa trei zangu zaidi ya mara moja.

Ukungu wa kijani unaotanda baada ya siku tatu au nne ni wake. Harufu ya uchachu na utelezi ni ya bakteria, na chanzo chake ni maji mengi mno au kupika kusikotosha. Unga mweusi ni wa Aspergillus niger. Rangi ya kijani kibichi yenye manjano inapaswa kukutisha, kwa kuwa inaweza kuwa Aspergillus flavus, anayetengeneza sumukuvu, ile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mzee mmoja aliyenipa magunzi huko Kongwa aliniambia, "Mwanangu, yale ya chini usiyachukue, mvua ya mwisho iliyakuta nje." Nilimshukuru, na hadi leo kwa kila gunia nauliza lililala wapi. Vaa barakoa unaposaga malighafi ya namna hiyo, na mabaki ya trei yoyote usimlishe mnyama.

Ikiwa fangasi amestawi vizuri lakini kimeng'enya ni kidogo, tafuta sukari huru. Trichoderma akipata glukosi ya bure hana sababu ya kutengeneza kimeng'enya cha kuitafuta. Machicha ya zabibu hufika yakiwa yamejaa sukari ya aina hiyo, pamoja na tanini ambayo huvishika vimeng'enya. Yaoshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu, na hata hivyo yachanganye kwa kiasi kidogo.

Dalili ya sita: sukari ipo, hamira haifanyi kazi

Pima pH, ambayo inapaswa kuwa kati ya 4.5 na 5.5, na joto, linalofaa kuwa nyuzi 30 hadi 32. Kama vyote viko sawa, shuku furfurali na asidi ya siki zilizoelezwa hapo juu: changanya sehemu moja ya kimiminika chako na sehemu moja ya maji yenye glukosi, na kama hamira itaamka, sumu ndiyo chanzo.

Ikiwa hamira imefanya kazi kisha ikaacha nusu ya sukari, huenda haijakosea. Hamira ya kawaida ya mkate hula glukosi na kuiacha zailosi, na kipimo cha rangi hakitofautishi sukari hizo mbili. Gramu 1 ya glukosi huweza kutoa gramu 0.51 za ethanoli kwa upeo wake, kwa hiyo fanya hesabu kwa glukosi peke yake kabla ya kuilaumu hamira. Asiyekuwa na chachu inayokula zailosi, kama Scheffersomyces stipitis, atenge kimiminika cha asidi na nyuzinyuzi tangu mwanzo: nyuzinyuzi ziende kwenye kimeng'enya na hamira, na kimiminika kitiwe chokaa, kizimuliwe, na kitumike kidogo kidogo kulowanishia trei za Trichoderma, ambaye zailosi anaila.